Kigae Shingoni

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya kufinyanga vyungu chini ya mlima, lakini si yeye aliyeianzisha. Aliianzisha mama yake pamoja na wanawake watatu, chini ya paa la nyasi. Mama huyo alikuwa na desturi moja. Chungu kilipotoka motoni na kupoa, alikiinua kwa mkono wa kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Chungu kizima hujibu kwa sauti ndefu na safi. Chenye ufa, hata ule ambao jicho halioni, hukohoa tu. Kilipokohoa, alikivunja pale pale mbele ya aliyekifinyanga, wakacheka wote wawili, kisha wakaviponda vigae vyake na kuvichanganya na udongo mpya. Wafinyanzi wanajua kwamba udongo usiotiwa unga wa vigae hupasuka upesi motoni. "Mficha uchi hazai," mama alizoea kusema huku akipepeta unga ule. Basi chungu cha leo kilipata nguvu kutoka kwa chungu kilichoharibika jana, na watu walitoka mbali kuja kununua.

Mama akafa, mwana akarithi. Akaezeka bati, akajenga tanuri nane, akaajiri watu mia mbili. Kisha akahamia juu mlimani, mahali ambapo moshi haufiki, akamwachia kazi msimamizi aliyeitwa Kiangi. Alimwachia na neno moja: "Sipendi kusikia habari za vyungu kuvunjika." Hakuwa mtu mbaya, ndugu zangu. Alikuwa hapendi kusikia, basi.

Kiangi naye hakuwa mjinga. Alijua ni kazi kubwa kuzuia chungu kisivunjike, na ni kazi ndogo kuzuia habari zake zisipande mlima. Akatoa amri. Yeyote ambaye chungu chake kitaonekana kina ufa, kigae kimoja cha chungu hicho kitobolewe, kitiwe uzi, naye akivae shingoni siku saba. Afanye kazi nacho, ale nacho, na kila asubuhi asimame nacho mbele ya wenzake wanapoimba. Maana waliimba kila siku. Ukutani kulikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa chokaa, SISI NI FAMILIA MOJA, na wimbo wenyewe ulikuwa maneno hayo hayo, mara kumi na mbili.

Katika nyumba hiyo aliingia mwanamke aitwaye Nakiete. Kwao, ng'ambo ya mto, kulikuwa na chungu kimoja kutoka nyumba hiyo, kilichopika tangu kabla hajazaliwa na kilikuwa hakijapata hata kovu. Siku alipopata habari kwamba ameajiriwa alilia kwa furaha, na mama yake akakitoa chungu kile nje, akakiweka juani ili kila apitaye akione. Mwaka wa kwanza alifinyanga. Mwaka wa pili wakagundua ana sikio kali, wakamfanya mgongaji. Akapewa kigoda cha miguu mitatu, kile kile alichokalia mama mwanzilishi. Akakikalia kwa adabu, kama mtu anayeketi kwenye kiti cha mkwe.

Nakiete aligonga, na aliloambiwa na chungu ndilo alilolisema. Alidhani kazi yake ni kuwalinda wapishi wa majiko asiyoyajua. Lakini kila aliposema "Kina ufa," wasaidizi wa Kiangi walikuja na uzi. Juma la kwanza alimwona mzee wa miaka sitini akikanyaga udongo huku kigae kikimrukaruka kifuani, na wajukuu waliomletea chakula wakimwuliza hicho ni nini. Baada ya hapo watu wakaacha kumsalimu. Akikaribia mahali pa kulia chakula, mazungumzo yanakatika, kila mtu anatazama sahani yake. Neno lile lile ambalo zamani liliwachekesha watu sasa liliwaumiza, naye ndiye aliyelitoa kinywani.

Wafinyanzi nao walijifunza. Walipika uji mzito wa muhogo, wakautia masizi, wakaziba nyufa kwa ncha ya kidole na kusugua mpaka chungu king'ae. Hakuna aliyeponda vigae tena, kwani nani angetaka kuonekana na kigae mkononi? Kwa hiyo udongo ukawa dhaifu, na udongo ulipokuwa dhaifu nyufa zikaongezeka, na nyufa zilipoongezeka uji ukapikwa kwa masufuria. Nyumba nzima ikaishi kwa funika kombe mwanaharamu apite. Na ili waonekane wana moyo, watu walibaki wameinamia udongo hata baada ya kazi kwisha, wakiulowesha na kuukausha ule ule mpaka msimamizi apite. Mtu mgeni angewaona angesema, hawa ni wachapakazi kweli.

Alikuwepo huko mfinyanzi mmoja, Nanzia, mama wa makamo. Ndiye aliyemfundisha Nakiete kazi, na katika masika yake ya kwanza pale alimgawia nusu ya blanketi. Siku moja chungu cha Nanzia kikaletwa mbele ya kigoda. Nakiete akakigonga, kikakohoa. Akainua macho, akamwona Nanzia amesimama na udongo mpaka kwenye viwiko. Juma lile wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake. Nanzia alipeleka mkono taratibu shingoni, akaushusha.

"Kizima," alisema Nakiete.

Siku ile aliuacha ugali wake sahanini. Lakini uongo wa kwanza ndio wenye mlango mzito, mingine huingia yenyewe. Akamhurumia huyu, akamhurumia na yule, na kabla ya miezi miwili kwisha alikuwa anagonga huku anatazama kwingine. Watu wakaanza kumsalimu tena. Kiangi akamsimamisha mbele ya wote, akasema tangu mama mwanzilishi hajapatikana mgongaji kama huyu, na makofi yakapigwa. Nakiete alitabasamu. Jambo lililomtisha zaidi ni kwamba siku nyingine alijaribu kusikiliza kwa dhati, akagundua hana tena hakika na anachosikia.

Kiangazi kilipofika, mtu mmoja alisimama langoni asubuhi na furushi la kanga mikononi. Alikuwa mkulima, miguu yake imejaa vumbi la safari. Akalifungua furushi chini, ndani mna vigae. Akaeleza bila kupaza sauti kwamba mke wake amejifungua, kwamba chungu cha kumchemshia maji ya kuoga kiliwekwa motoni, na kwamba kilipasuka na maji yakamwunguza miguu mama mkwe aliyekuja kumlea mzazi. Kiangi akamjibu kwamba vyungu vya nyumba hii havipasuki, ila wako watu wasiojua kupika.

Yule mkulima hakubishana naye. Alimtazama Nakiete pale kwenye kigoda, akasema, "Binti yangu, mke wangu alikataa cha kwingine chochote. Alisema, kile cha kule, kule wanagonga. Wewe ulikigonga?"

"Alikigonga," akajibu Kiangi kabla Nakiete hajafungua kinywa.

Mkulima akashukuru, kweli alishukuru, kisha akavimwaga vigae pale chini kwa kuwa alichoka kuvibeba, akaikung'uta kanga ya mkewe na kurudi alikotoka. Nakiete akainama kuviokota. Kwenye kipande cha mdomo wa chungu aliona alama ya kidole gumba, mviringo wenye mkwaruzo katikati. Kila mfinyanzi ana alama yake, na hiyo ilikuwa ya Nanzia. Akakitambua: ndicho chungu cha kwanza alichokisemea uongo, kile cha juma la posa.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwenye nyumba kushuka mlimani, siku moja katika mwaka. Kiangi alikuwa amempelekea habari kwamba mwaka huu hakikupatikana chungu hata kimoja kibovu. Watu mia mbili walisimama kwa safu, wamenawa, wakaanza kuimba kwamba wao ni familia moja. Wimbo ulipofika mara ya nne, Nakiete alitoka katika safu. Alikuwa amekitoboa kigae mwenyewe, amekitia uzi mwenyewe, na sasa kilining'inia kifuani pake. Alipita mbele ya safu zote, na kila safu aliyoipita ilinyamaza, mpaka wimbo ukabaki kwa watu wachache wa nyuma, nao wakaishiwa. Akasimama mbele ya mwenye nyumba.

"Chungu hiki kilikohoa mkononi mwangu, mzee, nami nikasema kizima, na mtu akaungua. Kosa ni langu."

Hakusema zaidi. Angeweza. Jina la Nanzia alikuwa nalo, alama ilikuwa pale pale kwenye kigae, lakini aliigeuza ikalalia nguo yake. Jina la Kiangi alikuwa nalo pia, na watu mia mbili wa kumshuhudia. Hakumvika mtu mwingine uzi. Nimewaona mashujaa wengi wa maneno, wanaosema kweli kwa kidole kilichonyooshwa. Huyu mwanamke aliisema kweli kidole kikiwa kimemwelekea mwenyewe, na mimi namvulia kofia.

Mwenye nyumba alitazama viatu vyake. Huenda katika sauti ile alimsikia mama yake, sijui. Kama alimsikia, hakusema. Kiangi ndiye aliyesema. Alisema mwanamke huyu amewaharibia wenzake asubuhi, na kwamba mtu asiyejiona ni wa familia basi aende kwao. Watu mia mbili wakakaa kimya, na Nanzia miongoni mwao. Msiwahukumu upesi. Ni rahisi kuwa jasiri ukiwa umeketi hapa, na nyumbani kwako chakula kipo.

Nakiete akatoka langoni peke yake. Hakukivua kile kigae. Alipita nacho sokoni, siku ya gulio, akavuka nacho mto, na kila aliyemwuliza alimjibu kwa maneno yale yale aliyomwambia mwenye nyumba. Alipofika kwao, mama yake alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akamletea jiwe la kupondea. Kigae kikapondwa, kikapepetwa, kikachanganywa na udongo wa kijitoni. Kikatoka chungu kimoja kidogo, hakikuwa hata na umbo zuri, maana mikono ilikuwa imesahau. Alipokigonga, kilijibu, naye akaketi pale chini akalia kwa sababu alikisikia bila shaka yoyote.

Habari hutembea. Tangu gulio lile wanunuzi wakaanza kugonga wenyewe, kila mmoja na kifundo chake, mbele ya wauzaji wa nyumba kubwa. Wengi waliviweka vyungu chini wakaenda zao.

Miezi ikapita. Alasiri moja Nanzia alivuka mto. Hawakuwa wameonana tangu asubuhi ile. Aliketi chini bila kukaribishwa, akatoa chungu kilichofungwa katika kanga, akakisukuma mbele ya Nakiete.

"Kigonge, mdogo wangu," alisema. "Na leo usinihurumie."

Nakiete akakiinua kwa mkono wa kushoto. Chungu kilikuwa kizuri, kimesuguliwa vizuri, hakuna jicho ambalo lingekikataa. Akakigonga. Kikakohoa, na wote wawili wakasikia.

"Kina ufa, dada."

Nanzia akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, cha mtu ambaye hajacheka kwa miaka mitatu, akakichukua chungu chake kwa mikono yake mwenyewe na kukipasua juu ya jiwe la mlangoni. Wakaketi wakaponda pamoja, huku wakisimuliana habari za binti aliyeolewa, mpaka ungo ukajaa unga.

Nyumba kubwa ingali pale chini ya mlima, na asubuhi bado wanaimba. Lakini swali langu haliendi huko, linakuja kwako wewe unayerudi kesho kazini kwako: siku chungu chako kitakapokohoa, yuko nani atakayekwambia, ambaye mkono wake mwingine haujashika uzi?