Maneno Mgongoni mwa Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama wa Mlima Mawe walikuwa na parokia yao, na parokia ilikuwa na vikao. Vikao, wanangu! Kama vikao vingeliwa, pale asingelala njaa hata mmoja.

Mwenyekiti wa halmashauri ya walei, wale waumini wasio mapadre, alikuwa Tembo. Makamu wake alikuwa Kiboko. Katibu alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, wa kutosha kapuni. Wakubwa walizungumza, Pimbi akaandika.

Mwaka ule parokia iliagizwa iwe na dira, yaani maneno machache ya kusema tunakwenda wapi na njiani tunafanya nini. Pimbi akazunguka jumuiya ndogo ndogo zote, nyumba kwa nyumba, akawauliza watu wanataka nini. Akayaandika majibu yao kuwa dira, akayapeleka kikaoni, akayasoma. Bahati mbaya siku hiyo jikoni palikuwa na pilau, na harufu ilikuwa imeshaingia ukumbini.

"Wanaoafiki waseme ndiyo," alisema Tembo.

"Ndiyooo."

Tembo akatia sahihi huku ameshasimama.

Basi, dira imepita. Vikao vitatu vilivyofuata vilikuwa vya rangi ya kitenge kitakachochapwa dira hiyo, kivaliwe sikukuu ya somo wa parokia, Mtakatifu Fransisko. Kiboko alitaka kijivu. Tembo naye alitaka kijivu, ila si kijivu cha Kiboko. Vikao vitatu! Mimi ninayesimulia tu nimechoka.

Wakati huo Bibi Kware, mjane wa jumuiya ya bondeni, hakuwa na paa. Upepo wa masika ulilichukua, na sasa mawingu ya vuli yalikuwa yanajikusanya. Alikuwa na wajukuu sita na mabawa mawili ya kuwafunika. Hesabuni wenyewe.

"Mwanangu Pimbi," aliuliza, "ile dira uliyokuja kutuuliza, imefika wapi?"

"Imefika kwa fundi cherehani, Bibi," alijibu Pimbi.

Akaenda moja kwa moja kwa wakubwa.

"Mwenyekiti, mvua inakuja na Bibi Kware hana paa. Dira yetu inasema..."

"Dira naijua," Tembo akamkatiza. "Si nimeitia sahihi mimi?"

"Inasemaje?"

Tembo akajikuna sikio. "Inasema umoja. Upendo. Mambo hayo."

"Kila mtu anaijua, katibu," Kiboko akadakia. "Usitusumbue. Hilo la paa lilete kikao kijacho, liwe kwenye ajenda."

Pimbi akaona kusema nao ni kumpigia mbuzi gitaa. Akabadili sauti, ikawa laini.

"Wazee wangu, mimi ukatibu umenichosha. Tuwekeane sharti. Siku ya somo nitaisoma dira mbele ya watu wote. Mkinionyesha neno moja nililolitunga mwenyewe, najiuzulu siku hiyohiyo. Lakini mkilikana neno ambalo ni la dira kweli, mtalitenda hapohapo, kabla ya kula."

"Bwa bwa bwa!" Kiboko akacheka hadi tope likamruka. "Umekwisha, katibu."

"Nasi tutapumzika," alisema Tembo.

Sikukuu ikafika. Vitenge vilitoka kwa fundi asubuhi ileile, watu wakavivaa mbiombio. Tembo alijitazama kwenye kioo, akaona tumbo tu, akaridhika. Akaenda kukaa benchi la mbele na Kiboko wake.

Baada ya komunyo Padre Korongo akaketi, akampisha katibu atoe matangazo. Pimbi akapanda juu ya kiti, na juu ya kiti akaweka kigoda.

"Dira ya parokia yetu," alisoma. "Sisi ni familia moja. Tutasali pamoja, tutafanya kazi pamoja."

Tembo akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekumbuka.

"Na wakubwa hawatakaa mezani kabla mdogo wa mwisho hajapata paa."

Tembo akasimama, masikio pwaa! "Hilo ni lake! Wapendwa, mmesikia wenyewe. Katibu ameingiza mambo ya Bibi Kware kwenye dira yetu."

Kiboko naye akasimama. "Mimi ni shahidi. Neno hilo halimo, na halijawahi kuwemo."

"Mna hakika?" aliuliza Pimbi.

"Hakika kabisa."

Nyuma yao mtu akacheka, kwi kwi. Kisha benchi zima. Kisha kanisa lote. Tembo akageuka kuwakemea, na mgongo wake ukaelekea altareni.

Padre Korongo akavaa miwani, akanyoosha shingo yake ndefu, akasoma polepole kutoka kwenye shati la Tembo: "Na wakubwa hawatakaa mezani kabla mdogo wa mwisho hajapata paa." Akainamisha shingo zaidi. "Na hapa chini kuna sahihi, Mwenyekiti. Ni yako."

Kiboko akaketi haraka kuuficha mgongo wake, lakini ulikuwa umeshasomwa. Tembo akazunguka, akazunguka tena, akijaribu kuusoma mgongo wake mwenyewe.

"Nani ameandika haya?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sisi wote," alijibu Bibi Kware kutoka benchi la mwisho. "Katibu alikuja kutuuliza, tukamwambia. Nyinyi mkasema ndiyo."

Sufuria zikafunikwa. Tembo akabeba miti hadi kwa Bibi Kware, Kiboko akakanda udongo, wote wawili na mashati yao mapya. Pimbi alikaa juu ya mfuniko wa pilau na hakubanduka.

Saa kumi alasiri mvua ikaanza, ta ta ta, juu ya paa jipya la nyasi, na wajukuu sita walikuwa chini yake wakavu. Hapo ndipo Pimbi aliposhuka kwenye mfuniko. Pilau ilikuwa imebaki ukoko, wakaula hivyohivyo.

Kikao kilichofuata Kiboko alileta hoja maneno yahamishwe kifuani. Wakaafiki, ila safari hii waliyasoma kwanza.

Neno mliloliafiki wote, wanangu, si la kuvaa, ni la kutenda.