Kiboko Alivyofanywa Kivuli

Paukwa.

– Pakawa.

Mnajibu kama mmefunga tangu juzi. Tena: paukwa.

– Pakawa!

Pakawa kitalu. Kitalu cha nani?

– Cha Bi Sange!

Kimeliwa na nani?

Hamjui. Basi tulieni niwaambie.

Hapo kale, kwenye bonde lenye joto la kumtoa mtu jasho hata akiwa amelala, aliishi Sange, kinyama kidogo chenye pua ndefu na miguu kama njiti. Sange alikuwa amechoka. Tuanzie hapo, maana ngano hii yote ni ya uchovu wake.

Mama mkwe wake alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima, "Kotmiri haioti bonde hili. Hewa nzito, kila kitu kinaoza. Na mchuzi usio na kotmiri si mchuzi, ni maji ya moto. Mvua za vuli zikikatika nitakuja kula kwako, mkwe. Nisipoiona kotmiri, nahamia hapa nikufundishe kupika."

Kuhamia, jamani. Na mwavuli wake mweusi, na mkeka wake, na mdomo wake.

Sange akaapa ataiotesha. Akapanda juani, ikaungua. Akapanda tena, akamwagilia asubuhi na jioni, ikaoza shingo. Mara ya tatu akaloweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, akazipanda chini ya migomba, kwenye tuta la kichanga lisilotuamisha maji. Akangoja. Kotmiri ni mvivu kuliko mimea yote. Siku ya ishirini na nane ndipo ilipochungulia. Ikakua, ikajikunja majani, ikanukia bonde zima.

Na harufu ikamfikia Kiboko. Bu, bu, bu, huyo anakuja.

"Nini hii?" akauliza.

"Kotmiri, Bwana Kiboko. Huchumwa mabua ya nje tu. Moyo unaachwa, unachipua tena."

"Nimesikia," akasema Kiboko. Ng'wafu, akala mstari mzima.

Sange akavuta pumzi, akashusha pumzi.

Kesho yake, bu, bu, bu.

"Mabua ya nje tu, Bwana Kiboko. Moyo unaachwa."

"Nimesikia." Ng'wafu, mstari wa pili.

Sange akavuta pumzi, akashusha pumzi.

Siku ya tatu, bu, bu, bu. Hata Sange hajafungua mdomo. Ng'wafu, mstari wa mwisho. Halafu Kiboko akawashwa mgongo, akajikuna kwenye migomba, kwacha, kwacha, migomba yote chini. Vikabaki visiki vitatu vya kotmiri katikati ya jua kali, na siku thelathini kabla ya mama mkwe.

"Tamu," akasema Kiboko. "Kesho kuna nyingine?"

Hapo Sange alitaka kulia. Lakini alipoinua macho aone jua, hakuliona. Aliona tumbo la Kiboko. Akatazama chini, akaona visiki vyake vimepoa ndani ya kivuli kipana, kizuri kuliko cha migomba.

"Bwana Kiboko," akasema polepole, "hii uliyokula ni kotmiri ya wanyama wadogo. Kotmiri ya wakubwa hufika kimo cha matete."

Kiboko akaacha kutafuna.

"Mbegu ninazo. Nitakupandia mstari wako peke yako, sitagusa hata jani. Ila kotmiri ya wakubwa ina masharti. Mwenyewe huisimamia, tangu jua linapotoka hadi linapozama. Uso kwenye mbegu, mkia kwenye visiki. Wala hagusi kotmiri nyingine, maana mbegu zina wivu."

"Zikiona wivu?"

"Hazioti. Hazioti kabisa."

"Kusimama tu?" akacheka Kiboko. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Sange akapanda mbegu, mbegu za kweli, hakumdanganya kwa hilo. Asubuhi Kiboko akasimama. Adhuhuri ngozi ikaanza kumvuta.

"Imeota?"

"Bado."

Jioni akakimbilia mtoni, pwaaa. Kesho yake akarudi.

"Imeota?"

"Bado."

Siku ya kumi ngozi ikapasuka mgongoni. "Imeota?" "Bado." Siku ya ishirini kilichoota ni sauti ya kilio tu. "Imeota?" "Bado, Bwana Kiboko. Vumilia, iko njiani." Na Kiboko, mnavyomjua, hana choo cha siri. Kila siku alipiga mkia, pwa-pwa-pwa, mbolea ikatawanyika nyuma yake. Visiki vikachipua, vikafunga majani, vikanenepa. Yeye uso kwenye mbegu, hageuki.

Siku ya ishirini na saba akasema, "Wewe Sange, na mbegu zako, na wivu wake, potelea mbali." Akaingia mtoni, akabaki pua na masikio tu. Hadi leo mchana kutwa yumo humo, na ukimtajia kotmiri anazama.

Siku ya ishirini na nane, mbegu zake zikachungulia.

Siku ya thelathini mama mkwe akafika na mwavuli wake. Sange alikuwa amechuma mabua ya nje, ameyaosha mara saba kwa sababu mnazozijua, ameyakatakata. Mchuzi wa kamba wa nazi ulipoiva aliuepua kwanza, ndipo akanyunyiza majani, yasipoteze harufu.

Mama mkwe akaonja. Akaonja tena. Akalamba sahani.

"Chumvi imezidi," akasema. "Lakini kotmiri ni kotmiri. Tena nzuri hivi haifai kuachwa bila mtu mzima wa kuiangalia." Akakunjua mkeka. "Nimeamua kukaa, mkwe."

Sange akavuta pumzi, akashusha pumzi. Akatazama miche michanga ya Kiboko, imelala taabani juani. Akamtazama mama mkwe. Akautazama ule mwavuli.

"Karibu sana, mama," akasema. "Kiti chako nimekiweka pale tutani. Na mwavuli ufungue kabisa, usije ukaungua."

Ngano yangu imefika. Ikiwa njema tugawane, ikiwa mbaya mpelekeeni Kiboko.

Na fundisho lake ni lile lile la siku zote, watoto wazuri: mvumilivu hula mbivu. Kiboko alivumilia siku ishirini na saba. Nendeni mtoni mkamwulize alikula nini.