Mama Hezroni Awapeleka Wanawe Porini

Bwana asifiwe! Ah, hiyo amina ni ya watu waliokesha harusini. Bwana asifiwe! Naam, sasa mmeamka. Leo sina maneno marefu. Leo nawapeleka nyote Mikumi, hifadhini, mkaone wanyama, na mtarudi nyumbani kabla maharage hayajaungulia jikoni.

Alikuwepo mama mmoja, tumwite Mama Hezroni. Msianze kugeuka na kutafutana, nimemtunga mwenyewe jana nikipalilia mchicha wangu. Mama huyu alikuwa mjane, mkazi wa Kilosa, na Mungu alimjalia watoto wawili wa kiume. Mkubwa ndiye huyo Hezroni, fundi umeme, ana mke na mtoto. Mdogo aliitwa Yoramu, mfugaji wa kuku, bado hajaoa. Wote wawili walimpenda mama yao kupita kiasi. Huyu akileta sukari asubuhi, yule analeta mchele jioni. Sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba huyu akiingia kwa mlango wa mbele, yule anatoka kwa mlango wa uani. Ndugu hawa walikuwa hawasemezani.

Wala hawakugombania shamba. Baba yao alipofariki, Hezroni alikuwa kazini mbali, huko Sumbawanga. Akapanda basi, likaharibika njiani. Akapiga simu: "Nisubirini, msizike mpaka nifike." Kufika nyumbani, akakuta watu wananawa mikono, kaburi limefunikwa, mashada yako juu. Akauliza, "Nani kaamua?" Akaambiwa, Yoramu. Hakugomba, hakupiga kelele, ila tangu siku ile jina la mdogo wake halikutoka tena kinywani mwake, na mtu akianza kumweleza habari za maziko, hata mama, yeye anainuka anaondoka. Na Yoramu naye, kwa kuwa hakuulizwa, hakueleza. Akavimba. Mnaujua ule mnuno wa mtu mwenye maelezo mazuri kabisa, lakini hayatoi mpaka abembelezwe? Ndio huo.

Mama alijaribu kila njia. Aliwaita wajomba, wajomba wakala kuku wakaondoka. Alimwita mchungaji, mchungaji akanywa chai akaondoka. Mnacheka nini? Nimesema ni mfano. Mama yule akilala anawaza jambo moja tu: siku yangu ikifika, hawa watanizikaje? Mmoja atasimama upande huu wa kaburi, mwingine upande ule, na nani atashirikiana na nani kunishusha? Nawaambieni, hakuwa anaogopa kufa. Alikuwa anaogopa kuacha nyuma watoto wasiopeana hata salamu.

Ndipo siku moja akamwendea Hezroni. "Mwanangu, nimezeekea jirani na hifadhi, na tembo nimemwona kwenye kanga tu. Nipeleke nikamwone kwa macho kabla sijafa." Mama akishasema "kabla sijafa," nani atabisha? Akatoka hapo akaenda kwa Yoramu, akamwambia maneno yaleyale. Ila hakumwambia hata mmoja kwamba mwenzake naye anakuja. Mnasema alidanganya? Hakudanganya, alinyamaza tu. Akina mama, msitazame chini, hiyo mbinu mnaijua.

Jumamosi asubuhi likaja gari la kukodi, lenye safu tatu za viti. Hezroni akakaa mbele na dereva. Mama akakaa katikati na mjukuu wake Eliapenda, binti wa Hezroni. Gari likaenda kidogo, likasimama kwa Yoramu. Hezroni kumwona mdogo wake anakuja na kofia mpya kichwani, akageuka nyuma uso umemkunjika.

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

Yoramu naye alishaona. Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. "Mama, basi mimi nitakupeleka siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Mimi na uzee huu nina siku nyingine ngapi za kuchezea? Panda!"

Akapanda. Akaenda kujibanza safu ya nyuma kabisa, karibu na kikapu cha chakula: maandazi, mihogo ya kukaanga, na chana la ndizi mbivu zilizokuwa zinanukia gari zima.

Sasa sikilizeni walivyosafiri. Vumbi likaingia. Hezroni akasema bila kugeuka, "Mama, mwambie huyo wa nyuma afunge dirisha."

"Yoramu, funga dirisha."

"Mama, mwambie huyo wa mbele dirisha limekwama."

"Hezroni, limekwama."

"Mama, mwambie alisukume kwa nguvu."

Mtoto Eliapenda alisikiliza weee, mwisho akashindwa. "Bibi, kwani baba mdogo hajui Kiswahili?" Dereva akakohoa, akakohoa tena, mradi asicheke. Mama hakucheka. Moyo ulimuuma, kwa sababu mtoto ameona, na mtoto akishaona, kesho naye atajifunza.

Wakafika. Askari wa getini akawapa masharti: hakuna kushuka garini mpaka sehemu maalumu, hakuna kulisha wanyama, hakuna kupiga kelele. Wakaingia. Jamani, uzuri wa kule! Nyasi mpaka zinakutana na milima. Mara twiga, mara nyati, mara viboko wamejilaza kwenye maji wanapiga miayo. Na vijana wetu wanashindana kumfurahisha mama. "Mama, tazama kulia, twiga!" "Mama, tazama kushoto, pundamilia!" Shingo ya mama ikaanza kuuma. Hata uzuri wa Mungu waliugawana, huyu na upande wake, yule na upande wake.

Gari likakata kona, na hapo katikati ya njia akasimama tembo jike na mtoto wake. Dereva akakanyaga breki. Akatazama nyuma arudi, akakuta tembo wengine wanavuka huko nyuma. Akazima gari, akanong'ona, "Asiseme mtu. Asishuke mtu."

Yule tembo akainua mkonga, akanusa. Unafikiri alinusa nini? Ndizi! Akaanza kuja, polepole, masikio yametanda, akapita dirisha la dereva, akapita dirisha la mama, akafika nyuma. Na dirisha la nyuma, mnakumbuka, halifungiki.

"Yora!"

Ilikuwa sauti ya Hezroni. Yora ndilo jina alilomwita mdogo wake walipokuwa wanachunga mbuzi. Hapakuwa tena na "mama, mwambie." Palikuwa na kaka na mdogo wake. "Yora, toka hapo dirishani!"

"Kaka, mguu umenasa chini ya kiti!"

Mjue Hezroni ana kitambi. Lakini mwanaume yule alipita katikati ya viti, kitambi na vyote, akamkanyaga mama yake kidole, akafika nyuma, akaunasua ule mguu, akamvuta Yoramu mpaka sakafuni na kumfunika kwa mwili wake. Mkonga ukaingia. Ukapapasa kiti. Ukaigusa ile kofia mpya, ukaitupa pembeni. Dereva, midomo inamcheza, anaomba, "Ee Mungu, mwondoe. Mwondoe huyu mnyama."

Na mama je? Mama alikuwa amemkumbatia mjukuu wake, amefumba macho. Kisha akafumbua jicho moja, akatazama nyuma. Akaona wanawe wako chini, mkono wa mkubwa umekishika kichwa cha mdogo, mkono wa mdogo umeng'ang'ania shati la mkubwa. Na yeye akaomba ombi lake peke yake: "Ee Mungu, asiondoke kwanza."

Tembo akachukua chana lake la ndizi, akatoka, akaenda zake na mtoto wake. Kisha sauti ikatoka sakafuni: "Kaka, umenilalia kama gunia la mahindi."

"Ulitaka nimwachie tembo akulalie?"

Wacha wee! Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Dereva alicheka, mtoto alicheka bila kujua anacheka nini. Hezroni hakurudi mbele. Alikaa huko nyuma mchana kutwa, wanagombania mihogo, wanakumbushana siku walipofukuzwa na bata mzinga wa jirani, Yora akapanda mti na kaka akabaki chini. Mama hakutazama tena mnyama hata mmoja. Wangepita simba kumi wala asingejua.

Ningeishia hapo mngesema kisa kitamu, tuimbe twende nyumbani. Lakini hakijaisha.

Jioni wakatoka hifadhini. Wakasimama nje ya geti, wakashuka kunyoosha miguu. Hapa hakuna tembo. Hapa kuna lami, kuna duka, kuna mtandao wa simu. Hezroni akamtazama Yoramu, Yoramu akatazama viatu vyake. Aibu ikawarudia, na lile la msibani likarudi nalo likasimama katikati yao. Dereva alipopiga honi, Hezroni akafungua mlango wa mbele, akakaa. Yoramu akapita nyuma, akakaa. Gari likaondoka, likaacha lami. Vumbi likaingia.

"Mama," akasema Hezroni, "mwambie huyo wa nyuma..."

"Dereva, simamisha gari," akasema mama. "Geuza."

"Umesahau kitu, mama?" akauliza dereva.

"Nirudishe kwa tembo."

"Mama, yule tembo ameshakwenda zake!"

"Mtafute. Watoto wangu nimewaona ni ndugu leo kwa mara ya kwanza tangu nimzike baba yao, na aliyewafanya hivyo ni mnyama. Mimi nimehangaika, nimeomba, nimeita watu, nimeshindwa. Tembo kaweza. Basi nirudishe kwake, nitalala hukohuko porini." Akajifunika kanga usoni, akalia.

Kisha mlango wa mbele ukafunguka. Hezroni akashuka, akazunguka gari, akaingia mpaka nyuma.

"Sogea."

"Huku nafasi ndogo, kaka."

"Sogea hivyohivyo."

Akasogea. Wakakaa wamebanana, wanatazama mbele. Hezroni akasema, "Nilitaka kumtupia baba udongo. Basi, hilo tu."

"Najua, kaka. Mvua ilikuwa inamwagika, kaburi linajaa maji. Tuliyachota kwa ndoo tukikusubiri, mpaka ukuta mmoja ukaanza kubomoka. Nikasema, baba yetu asilazwe kwenye tope."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Hezroni akajishika kichwa. Muda wote ule! Neno lilikuwa moja, lilikuwa fupi, na lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake. "Kesho tukitoka kanisani twende kaburini," akasema. "Mimi na wewe. Nikamtupie wangu." Mama, kule katikati, alijifanya amesinzia. Usingizi gani ule, tabasamu limejaa uso mzima!

Sasa tuje kwetu, ndugu zangu. Sisi je? Sisi tembo wetu tunamjua. Mtoto akilazwa hospitalini, tunakutana wodini, tunashikana mikono, tunaitana kaka, tunaitana dada. Mafuriko yakija, tunalala jikoni kwa jirani ambaye hatujamsalimia tangu mwaka juzi. Tunalia pamoja: "Mungu, ondoa tembo!" Mungu wetu ana huruma, anamwondoa. Na sisi tunafanya nini? Tunarudi kila mtu kwenye kiti chake. "Mama, mwambie huyo."

Hivi mnataka Mungu afanyeje? Atuletee tembo kila wiki ndiyo tukumbuke tulinyonya ziwa moja? Mtu anaomba amani miaka na miaka, na amani yenyewe inamngoja aulize swali moja: ilikuwaje siku ile? Tunaogopa swali kuliko tunavyoogopa mkonga.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipokuwa nawaleta. Mimi nikisimama hapa mbele nawaona wote. Namwona mmoja kwenye benchi la kwanza, mikono kifuani. Namwona ndugu yake kule kwenye nguzo ya mwisho, anasoma matangazo ya wiki iliyopita. Na mama yao namwona pia, anafungua na kufunga kitambaa chake, hathubutu kugeuza shingo. Sitamtaja mtu. Mfano ni wangu, lakini viti mmevikalia wenyewe.

Kwaya, kaeni kwanza. Wazee wa kanisa, sadaka itasubiri. Anayetaka kuinuka asiandae hotuba. Atembee tu mpaka pale alipo mwenzake, amwambie asogee, akae. Mengine wataongea njiani.

Haya. Tembo hatakuja leo. Mimi nimesimama hapa, nawangoja.