Jibu Lililozibwa Mdomo

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Walimsema mtu anayeficha donda lake mwenyewe. Hawakumjua anayeficha donda la mashine, likamuua asiyehusika.

Kobe, mtunzi wa programu aliyebandikwa jina hilo kwa kukagua mambo polepole, alikuwa ameinamia kompyuta ya hospitali, macho mekundu kama pilipili. Wiki ile muuguzi alikuwa ameandika mbele yake kwamba shangazi yake Kobe, aliyemlea tangu utotoni, mwili wake haupatani na dawa fulani. Skrini ikajibu: "Imehifadhiwa." Zamu iliyofuata ikamchoma dawa ileile. "Kwenye kompyuta hapakuwa na onyo lolote," daktari alimwambia.

Programu haikuzungumza moja kwa moja na hifadhidata, ghala la kumbukumbu za wagonjwa; ilimtuma mjumbe, yaani kiunganishi. Mjumbe alipaswa kurudi na jibu, ujumbe umefika au umekwama. Kobe aliikagua programu mstari kwa mstari. Kiunganishi kilikuwa cha zamani, mashine mpya yenye hifadhidata ilikikataa, nacho kilirudi kila mara kikilia kwamba kimeshindwa. Lakini mtu alikuwa amekiziba mdomo: jibu lilitupwa, na skrini ikasema "Imehifadhiwa" vyovyote iwavyo.

Alimwendea mkuu wa kitengo cha kompyuta.

"Mkuu, nani kafuta sehemu ya kusoma jibu?"

"Mimi. Siku wageni walipokuja kuuona mfumo, skrini ilijaa makosa mekundu. Ulitaka tuaibike?"

"Nilikwambia kiunganishi kibadilishwe!"

"Kobe bwana, wewe kila kitu kwako kinaumwa! Mfumo si unakwenda? Umesikia mgonjwa gani akilalamika?"

"Hawezi kulalamika. Yuko chumba cha maiti. Ni shangazi yangu."

Mkuu aliufunga mlango. "Pole sana, ndugu yangu. Basi turekebishe kimyakimya. Haya ni ya ndani."

"Ya ndani? Atazikwa kesho, nawe unataka kumzika mara mbili!"

Kobe aliirudisha sehemu iliyofutwa, akawasha skrini kubwa ya ukumbi mbele ya madaktari, akamwomba muuguzi ahifadhi jina moja tu. Nyekundu ikatapakaa: "Imeshindikana." Wauguzi wakatoka mbio kwenda wodini kuwauliza wagonjwa upya, kitanda kwa kitanda. Mkuu akabaki katikati ya ukumbi, macho yote yakimwangukia yeye mwenye dhamana ya mfumo. Alificha maradhi ya mashine ili asiaibike mbele ya wageni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, hata kikiwa kifo cha shangazi wa mwenzake.