Mkanda wa Fedha wa Bi Atika

Inasimuliwa, na aliyesimulia alisimuliwa na waliokuwa wakiishi kwa kumcha Mola, kwamba katika mji mmoja wa Yemen, zamani hizo watu wakijenga kwa udongo na kupaka chokaa, alikuwako mwanamke akiitwa Lubaba. Mwema, mswalihina, swala zake haziachi. Ila alikuwa na moyo wa kupenda vitu vya kung'aa, na huo si ugonjwa wa mji ule peke yake.

Jirani yake Bi Atika alipopata safari ya Hija, alimletea amana: mkanda wa fedha alioachiwa na marehemu mama yake, umefungwa katika kitambaa cheusi. Mila yao ilikuwa kwamba mwenye amana afunge fundo kwa mkono wake, na anayepokea asilifungue mpaka mwenyewe arudi. Bi Atika akalikaza fundo lake, akamwambia, "Shoga yangu, nakuachia wewe baada ya Mwenyezi Mungu." Lubaba akajibu kwa unyenyekevu kabisa, akaliweka furushi chini kabisa ya sanduku lake.

Basi likakaa. Lakini mtu akishajua kilichomo ndani ya fundo, vidole havilali. Adhuhuri moja, mume wake Mundhir yuko sokoni, wifi yake Juwairiya kaenda kisimani, nyumba kimya, Lubaba akafungua. Akasema nauangalia tu. Akauangalia. Akasema nipime tu kama unanitosha. Ukamtosha kama uliofuliwa kwa kiuno chake. Sasa mwanamke mzima, mama wa nyumba, akachukua ungo wa kupepetea akaufanya dufu, akacheza chumba kizima, huku na huku, mkanda unalia chele chele chele, mpaka pumzi zikamwishia. Kisha akaona haya. Akauvua, akaufuta kwa upindo wa nguo, akafunga fundo kama alivyolikuta, au alivyodhani alilikuta, akarudisha chini kabisa ndani ya sanduku. Akamshukuru Mola kwamba hakuna aliyemwona.

Mahujaji wakasikika kuwa wako njiani. Lubaba akafungua sanduku atoe amana aipanguse vumbi. Furushi halipo.

Akatoa nguo moja moja. Akapindua sanduku. Akaingiza mkono mpaka kwenye pembe. Halipo. Akakaa chini, na wa kwanza aliyemjia kichwani alikuwa wifi yake.

Na kwa nini asimjie? Juwairiya alikuwa dada mkubwa wa Mundhir, mjane, analala chumba cha pili, ndani ya nyumba mchana na usiku. Halafu tangu siku nyingi alikuwa na jicho. Lubaba akisonga uji, anamkuta wifi anamtazama. Akitandika kitanda, wifi yuko mlangoni anamtazama, midomo inacheza kama mwenye neno asilolitoa. Zamani Lubaba alidhani ni uzee. Sasa akaelewa, au akaona ameelewa: lile ni jicho la mwizi. Hata chakula kikawa hakipiti. Wifi akikohoa, anakohoa kwa nini? Wifi akicheka, anamcheka nani? Nyumba ile walikuwa wameingia watu wengine pia, maana fundi wa paa alikuwapo siku kadhaa akiziba nyufa kwa chokaa. Lakini fundi yule alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, kipaji cha uso wake kina alama ya sijda nyeusi kama sarafu. Nani atamgusa mtu wa alama ile? Shuku yote ikamlalia mjane.

Siku moja Juwairiya alipotoka, Lubaba akaingia chumbani kwake akafungua kikapu chake. Akakuta wanja, tende zilizokauka, na chini kabisa sanda, nyeupe, imekunjwa vizuri, mjane wa watu kajiwekea sanda yake. Bado mkono umo ndani ya kikapu, kivuli kikaanguka mlangoni.

"Umekipata, wifi?" Juwairiya akauliza, kwa upole.

"Nini?"

"Unachokitafuta kwangu."

 Juwairiya akachukua sanda yake, akaikunja upya, akairudisha. "Kikapu cha mtu ni kama mlango wake," akasema. "Hubishwa hodi."

Bi Atika akafika, Hija imekubaliwa inshallah, akaja moja kwa moja kuomba amana ya mama yake. Alipoambiwa imeibiwa, akamwangalia Lubaba kuanzia utosi mpaka nyayo. "Imeibiwa," akasema. "Sanduku halikuvunjwa. Nguo zako hazikuibiwa. Mwizi alikuja akaulizia changu tu?" Na watu wa mtaa, ambao kazi yao nyingine ilikuwa hamna, wakachukua maneno yale wakayatembeza. Wa nyumba hii anasema Lubaba kauza. Wa nyumba ile anasema Mundhir. Wote wakakutana kwenye jina la Juwairiya, maana mjane hana wa kumsemea.

Shauri likafika kwa Kadhi Harith, Mola amrehemu, mtu wa maneno machache. Juwairiya naye akaja, akasimama kando ya mlango, midomo yake inacheza vilevile. Lubaba akamwona, akasema moyoni: anaomba asishikwe.

Bi Atika akasema, "Kadhi wetu, muulize Lubaba, nyumbani kwake anamshuku nani."

Baraza zima likageuka kumtazama mjane. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, na Lubaba angetoka pale msafi.

Kadhi akasema, "Shuku haina mkeka wa kukalia hapa. Aliyeona aseme aliona nini. Ambaye hakuona, anyamaze." Kisha akawaeleza sheria, polepole, hata wa nje wasikie. "Atika, anayedai ni wewe, na ushahidi ni juu yako. Huna. Lubaba, aliyewekewa amana si mdhamini wake. Ikiibwa bila yeye kuzembea wala kuitumia, halipi kitu, anaapa tu. Utaapa kwamba hukuuza, hukuuficha, wala hujui aliyeuchukua?"

Mundhir, aliyekaa nyuma ya mkewe, akamnong'oneza, "Apa, mama, twende zetu. Ni kweli tupu."

Na ilikuwa kweli tupu. Hakuuza, hakuuficha, hamjui aliyeuchukua. Kila neno la kiapo kile lingetoka kinywani safi. Lakini Lubaba alikuwa amelisikia na lile neno jingine, wala kuitumia. Akaona ule ungo. Akasikia chele chele chele. Hakuna aliyemwona isipokuwa Yule asiyesinzia. Na anajua akisema atalipa, na cha kulipia ni kimoja: mitende miwili aliyopewa mahari, ambayo nyumba nzima inaitegemea kwa tende.

Akanyanyua mkono. Akaushusha. Akaunyanyua tena.

"Kadhi wetu," akasema, "na mtu akiivaa amana mara moja, ndani kwake, kisha akairudisha mahali pake?"

Kadhi akajibu, "Aliyeitumia bila idhini ameivunja amana. Hata akiirudisha, inabaki shingoni mwake mpaka mwenyewe aipokee. Ikipotea baada ya hapo, kwa kosa lake au la mwingine, analipa. Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu niliuvaa," akasema Lubaba. "Nikacheza nao, na ungo."

Hakuna aliyecheka mwanzo. Kisha mtu mmoja nyuma akaguna, na baraza lote likapasuka vicheko, mpaka Kadhi akaziba mdomo kwa kilemba chake. Lubaba akasimama kati ya vicheko vile, machozi yanamtoka, kifua chake chepesi kama kikapu kitupu.

Mitende ikahukumiwa ya Bi Atika. Njiani kurudi, Juwairiya akamshika mkono wifi yake.

"Siku ile kisimani nilisahau kamba," akasema. "Nikarudi kuichukua. Unacheza vibaya, wifi yangu."

Lubaba akasimama njiani. Kumbe lile jicho! Kumbe midomo ile! "Uliniona? Na mimi nimekushuku mbele ya Mungu, nimepekua mpaka sanda yako, na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naomba useme mwenyewe," akajibu mjane. "Ungeapa, ningelazimika kusema nilichokiona. Nilimwomba Mola asinipe mzigo huo."

Habari ikaenea mpaka msikitini, ya mwanamke aliyejishuhudia dhidi ya nafsi yake. Haukupita muda, Bi Atika akaamka kuswali alfajiri, akakuta mkanda wa mama yake umewekwa kizingitini, umezungushiwa tambara kuukuu, na tambara lote lina chokaa.

Akaenda nao kwa Kadhi, mitende akairudisha. "Haki yangu imerudi, hii si yangu tena." Watu wakajaa. Wakaitazama ile chokaa, kisha wakatazamana, kisha macho yakaanza kuelekea safu ya mbele, pale penye kipaji chenye alama.

Kadhi akalichukua tambara, akalikung'uta nje ya mlango, vumbi likapeperuka. "Mji mzima umepakwa chokaa," akasema. "Nani alimwona?"

Wakamgeukia Lubaba. Yeye ndiye aliyeibiwa, yeye ndiye aliyetukanwa mtaani, na fundi alizibia paa juu ya sanduku lake. Sasa atalitaja jina.

"Mimi sikumwona," akasema Lubaba, akamshika wifi yake mkono, wakaenda zao.

Basi, wenzangu, cha mwenzio kikiwa sandukuni kwako si chako hata kwa kitambo cha kucheza ngoma moja, na usichokiona usikiseme, hata ulimi ukuwashe vipi. Mola atupe mikono ya kurudisha na vinywa vya kukiri, na atusitiri pale tunapodhani hakuna anayetuona. Amin.