Kiwele cha Faraja

"Kiwele cha maonyesho hakijazi kibuyu." Mmeicheka, halafu mnataka kujua imetoka wapi. Haya, wekeni kwanza hizo simu. Methali hii ilianza hivi, kule Rungwe, na haikuanza kwa kicheko.

Palikuwa na mama mjane akiitwa Tusekile. Wanawe walihamia mbali, hata salamu zikawa za nadra. Aliyebaki naye ni ng'ombe wake, Faraja. Alimwamkia asubuhi, akamsimulia habari za sokoni, hata akamgombeza kwa kuchungulia jikoni. Upweke ulimtafuna mama yule, jamani! Ndipo akawaza: Faraja akishinda kwenye maonyesho ya mifugo, watu watakuja kumwona, na uani patasikika tena sauti za watu.

Sasa, wafugaji wa huko walikuwa na mtindo wao. Ng'ombe wa kushindanishwa hakukamuliwa tangu siku iliyotangulia, ili kiwele kijae na kupendeza macho ya waamuzi. Hakuna aliyeona ubaya; aliyeshindwa aliambiwa amejitakia, nani alimtuma akamue? Tusekile naye akafuata mkumbo.

Siku ya maonyesho Faraja alitembea ametanua miguu ya nyuma, maziwa yakimdondoka njiani. Kila alipoguswa alilia.

"Vumilia kidogo, mwanangu," Tusekile akambembeleza.

Uwanja ukashangilia, Faraja akavishwa utepe. Watu wakampa mama mkono, wakaahidi kuja kwake. Alifurahi mno.

Jioni alipokaa kukamua, yalitoka mabonge yenye damu. Ng'ombe alikuwa anawaka homa. Mama akakimbia kumwita daktari wa mifugo.

"Mama, mara ya mwisho ulimkamua lini?"

"Jana asubuhi. Kwani si wote hufanya hivyo?"

"Hufanya. Lakini huyu alikuwa anakulilia wewe, si wote."

Daktari aliokoa roho ya Faraja, ila kiwele hakikupona. Kilinywea, kikakauka.

Na wageni walikuja kweli, kila mmoja na kibuyu chake, wakitaka maziwa ya ng'ombe bingwa. Tusekile aliwafutia viti.

"Maziwa hamna," akawaambia.

Wakatazama utepe ukutani, wakaaga mmoja mmoja. Jirani mmoja akabaki akishangaa. "Mbona siku ile kiwele kilijaa vile?"

"Kilijaa kwa ajili ya macho yenu, dada. Kiwele cha maonyesho hakijazi kibuyu."

Jirani alipoondoka, Tusekile akaenda bandani. Faraja, aliyezoea kumlamba mkono, alisikia hatua zake akasogea hadi pembeni kabisa. Mama akasimama mlangoni, akimwomba radhi mnyama asiyetaka tena kumkaribia.

Basi mkimkuta mtu anamtesa kiumbe ili yeye asifiwe, mwambieni mapema, kabla hajabaki peke yake na utepe wake: kiwele cha maonyesho hakijazi kibuyu.