Pimbi na Sahani ya Nyani

Hodi hodi, hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni, iingie!
Imeingia, imekaa?
— Imekaa, tunaisikiliza!

Hapo kale Chuo cha Wanyama kilikuwa na mchezaji hodari wa mpira wa kikapu, Nyani. Mechi moja alifunga vikapu ishirini. Desturi ya chuo ni kwamba mfungaji bora hupewa sahani ya bingwa bwaloni, mpaka atokee wa kumshinda. Nyani akamaliza masomo, akaota mvi, sahani hakuiacha. Kila mchana yumo: nyam, nyam, nyam.

Mwaka huo akaja Pimbi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mdogo hasa. Akidunda mpira, tii, tii, tii. Akiruka, huyooo! Kikapuni, chwa! Wanyama wakaanza maneno.

"Anaruka kama Nyani!"

"Anafunga kama Nyani!"

"Wee, Nyani mwaka wa kwanza hakuwa hivi!"

Maneno yakamfikia Nyani mezani. Akatupa ganda.

"Kesho tushindane. Kuruka na kutumbukiza, mara kumi kumi. Ukishindwa, fungasha virago urudi kwenu majabalini."

Pimbi aliogopa, tena sana. Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe yuko chuo. Asubuhi akamwendea Nyani.

"Shikamoo, bingwa."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kuuliza. Siku ile ya vikapu ishirini…"

"Thelathini," Nyani akasema.

"Siku ile ya thelathini, ulikuwa umekula nini?"

"Ndizi ishirini!"

"Ishirini tu? Wapo wanaosema arobaini. Nikawabishia."

"Uliwabishia nini? Arobaini! Na karanga debe zima!"

"Basi leo ule vilevile, bingwa. Nisije nikaambiwa nimeshindana na mzee mwenye njaa."

Nyani akaona hiyo ni haki kabisa. Vikaletwa. Nyam, nyam, nyam. Ndizi ishirini alikula kwa raha, ishirini nyingine kwa sifa, na karanga akazila kwa sababu watu wanatazama.

Korongo, mwamuzi, akapuliza filimbi: priii! Nyani akadunda, tii, tii. Akaruka, puuu! Chini. Akaruka tena, puuu! Mara ya tatu hakuinuka, akaomba maji.

Pimbi akaruka. Chwa! Alikosa mara tatu, akafunga saba. Sahani ikahama.

Mwaka uliofuata akaja Kindi, mwaka wa kwanza. Tii, tii, chwa!

"Anaruka kama Pimbi!" wanyama wakasema.

Pimbi alikuwa bwaloni, mashavu yamejaa. Akatupa ganda.

"Kwani mimi siku ile nilifunga vikapu vingapi?"

"Saba," akajibu Korongo.

"Ishirini na saba," Pimbi akamsahihisha, akasogeza sahani karibu.

Funzo lake, wanangu, ni hili: mpenda sifa hushindwa kwa sifa zake, na anayerithi sahani ajihadhari asirithi na majivuno.

Hadithi inaaga. Aliyeifungulia mlango na aufunge!